Ukurasa wa Themanini na Nne

"Ni mimi," Gitobu aliniambia, ameegemea rafu ya vitabu. Na mimi Kendi, mwanafunzi wa hesabu mwaka wa pili, nikaamini kama mjinga.

Pale chuoni kwetu Meru, kitabu cha hesabu nilichokihitaji kilikuwa kimoja tu maktabani. Nikikwama, naandika swali pembeni mwa ukurasa. Nikirudi kesho yake, nakuta jibu la penseli, mwandiko mdogo: "Usiogope. Anza na mfano rahisi." Miezi mitatu! Nilishampenda mtu nisiyemjua sura, na hamu ya kumjua ilikuwa inanikosesha raha. Gitobu wa darasa letu akaniona nikikichekea kitabu, akajitaja kuwa ndiye anayenijibu. Baada ya wiki tatu nikamwahidi mama kwamba Jumapili ninamleta nyumbani.

Wiki hiyo hiyo nikaazima kitabu, nikalisoma jibu la mwisho. Nilikuwa nimeuliza: "Mchoro usiokatika huwa laini kila mahali?" Nikajibiwa: "Ndiyo, kila mahali."

Nikampigia Gitobu.

"Jibu lako la ukurasa wa themanini na nne liko sawa kweli?"

"Sawa kabisa, mrembo."

"Na herufi V je? Naichora bila kuinua penseli, lakini hapo chini iko na kona kali."

"Kendi, nikiandika nimeandika. Kwani unanipea mtihani?"

"Nataka tu kujua ulifikiria nini."

"Nilikufikiria wewe."

Siku nyingine ningeyeyuka. Lakini yule wa penseli hakuwahi kulikimbia swali langu hata moja.

Ijumaa nikarudisha kitabu. Marcella, mtunza maktaba, akashusha miwani.

"Afadhali umekileta. Kuna kijana wa Manyatta, kule Embu, amekiulizia mara nne. Si huyo anakuja?"

Alikuwa Runji wa mwaka wa tatu. Tulikuwa tukisalimiana tu mlangoni. Mkononi alishika kifutio.

"Samahani, naomba hicho kitabu dakika moja. Kuna mahali niliandika uongo."

"Ukurasa gani?"

"Themanini na nne. Nilijibu haraka. Kuna mtu anasoma hapo, na akianguka mtihani juu yangu sitajisamehe."

"Uliteleza wapi?"

"Nilisahau kona," akasema, akichora V hewani kwa kidole.

Nikavuta kiti, nikaketi.

"Mbona hukuandika jina, Runji?"

"Niliona huyo mtu anapenda hesabu. Sikutaka kumharibia masomo kwa mambo mengine."

Nikamwandikia Gitobu kwenye simu: "Ni wewe uliandika? Sema ukweli."

Akajibu: "Haijalishi nani aliandika. Mimi ndio nilikwambia nakupenda."

"Kwangu inajalisha. Tumeachana," nikajibu. Kisha nikampigia mama.

"Mama, Jumapili nakuja peke yangu."

"Kwani huyo kijana amekukataa, mwari, binti yangu?"

"Aa, mama. Ni mimi nimemkataa."

Runji alikuwa amesimama, masikio yamemwiva.

"Huyo mtu anayesoma... ni wewe?"

"Ni mimi. Na usifute. Andika hapo chini kosa lilikuwa nini, halafu uweke jina lako."

Aliandika mistari miwili, taratibu, kisha jina lake lote. Akanisogezea penseli. Nikaandika nambari yangu ya simu hapo hapo pembeni, Marcella akituangalia tu.