Chupa ya Tatu

"Mbao imepinda. Lete randa."

Redio ya Motorola ikakohoa, ikanyamaza.

Tindo alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Land Cruiser ikapaa juu ya tuta la bandarini, ikatua kwa kishindo, ikaendelea. Mbele yake Mercedes ya kijivu ilichomoka kati ya makontena kama mwizi wa kuku. Mbao maana yake hila. Randa maana yake yeye. Katika idara yao ya ujasusi walipenda lugha ya useremala, na mkuu wao walimwita Fundi, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akipigilia hata msumari.

Mercedes ikakata kulia, kuelekea gatini.

Anataka kuitupa chupa majini.

Beretta ya Tindo ikatoka dirishani. Risasi moja. Tairi la nyuma likapasuka, gari likayumba, likajibamiza kwenye kontena na kutulia huku likifuka moshi.

Akashuka mtu mmoja, suti haijakunjamana hata kidogo. Mkononi alishika chupa ya kioo yenye lakiri nyekundu shingoni.

"Ukiirusha, utaifuata," Tindo alisema.

Yule mtu akacheka. Alikuwa afisa wa ubalozi wa Wafadhili. Bandarini walimwita Mhisani, kwa sababu hakuwahi kumpa mtu kitu bila kutabasamu kwanza.

"Chukua tu, ndugu yangu. Chupa ni chupa. Nani ataifungua?"

Hapo alisema kweli, na ndicho kilichomuudhi Tindo.

Kila meli ya mafuta ikitia nanga, mpimaji wa bandari hupanda na kujaza chupa tatu. Ya kwanza hupimwa. Ya pili hupewa nahodha. Ya tatu hufungwa kwa lakiri yenye muhuri wa mpimaji mwenyewe na kuwekwa stoo. Ukizuka ubishi, ya tatu ndiyo mwamuzi, na haifunguliwi na mtu mwingine ila yule aliyeifunga, mbele ya mashahidi. Akikataa yeye, chupa inabaki pambo la kabati.

Na aliyeifunga hii iliyoibwa stoo alikwisha kutoa majibu ya chupa ya kwanza: mafuta yana maji.

"Wafadhili" lilikuwa jina la mitaani, la kejeli. Taifa lile kubwa liliuza mafuta, likakopesha, likajenga barabara, na kila mara likaondoka na kipande cha kitu. Wahenga walisema mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Hawakuwahi kukutana na taifa zima linalofadhili.

Safari hii serikali ikajitia ubishi, ikanunua mafuta kwa muuzaji mwingine. Meli ikaja, ikapimwa, ikaambiwa mafuta yake yana maji. Sheria inasema irudi ilikotoka. Mji ulikuwa gizani, hospitali zikiwasha jenereta kwa zamu. Na huko nje, mbali kidogo na bandari, ilikuwa imetulia meli ya Wafadhili, imejaa, inasubiri saini moja tu: bandari iwe kituo cha manowari zao. Waziri alikuwa atie saini jioni hiyo.

Tindo akainyakua chupa. Mhisani akamwachia, akajifuta vumbi mabegani na kuondoka kwa miguu. Mtu wa ubalozi hafungwi pingu.

Simu.

"Chupa ninayo, mzee."

"Safi," Fundi alisema. "Sasa mpimaji."

Tindo akailaza chupa kwenye kiti cha pembeni.

"Unamjua mpimaji, Tindo."

"Ni dada yangu."

"Ndiyo maana nimekutuma wewe. Kila mtu ana mahali pake pa kubanwa. Wewe unapajua pake."

Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye vigae vyeupe na harufu ya dizeli. Madirisha yote yalikuwa wazi kwa sababu feni zimekufa. Dada yake alikaa kwenye stuli, koti jeupe limefungwa mpaka kifungo cha juu. Aliiona chupa, hakushtuka.

"Umekuja kama mdogo wangu au kama serikali?"

"Wamekupa nini, dada?"

Alimtazama kama alivyomtazama utotoni akirudi nyumbani na matope.

"Wanipe nini? Hivi wewe huwa unajiuliza mama anatibiwa na nani kule?"

Tindo hakuwa amejiuliza. Figo za mama yao zilipokufa, viza ilipatikana upesi, kitanda kikapatikana upesi, tena katika hospitali kubwa ya mji mkuu wa Wafadhili. Yeye alishukuru Mungu, akatuma salamu, akarudi kazini. Mtu anayelipwa kushuku kila kitu hakushuku bahati ya mama yake.

"Yule wa suti alikuja akakaa hapo hapo ulipo," dada alisema. "Akaniambia, 'Mama yako ni mgeni wetu. Tungependa aendelee kuwa mgeni wetu.' Basi. Hata sauti hakuipandisha. Ningefanyaje? Ningekupigia wewe? Simu yako inapokelewa na mashine."

"Dada..."

"Usiniite dada sasa hivi."

Tindo akatoka kwenye korido. Alibonyeza namba ya Fundi.

"Mzee, wamemshika mama yangu. Mhamishe. Nchi yoyote, lakini leo."

"Kwa ubavu gani?" Fundi alihema. "Hatuna mafuta, hatuna ndege. Nikimwomba yeyote leo, kesho ataniambia anataka nini. Pole, kijana wangu. Mwambie dada yako lolote. Waziri ameshaingia ukumbini."

Akarudi ndani.

"Idara inamtoa mama leo," alisema. "Ndege iko tayari."

Dada akainua uso. "Kweli?"

"Kweli kabisa."

"Na mashine ya figo? Hawezi kukaa bila mashine."

"Kila kitu kimepangwa."

Alitaka kuamini, Tindo aliona. Lakini mikono yake haikutoka mapajani. Jua lilikuwa likishuka. Basi Tindo akambana pale alipopajua.

"Usipoifungua, dada, hilo ni kosa la uhaini. Utafungwa. Wanao watalelewa na nani?"

Hakuipandisha sauti. Alijisikia mwenyewe akilisema lile neno, wanao, wale watoto waliozoea kumparamia wakiita mjomba, mjomba, na akaona aibu iliyomfanya aangalie sakafu.

"Kumbe mnasoma shule moja," dada alisema. "Wewe na yule wa suti."

Akasimama, akavaa glavu.

Wakaja mashahidi: mkurugenzi wa bandari, nahodha wa meli, mwanasheria wa serikali. Kifungo cha shati la Tindo kilikuwa kamera, na picha ilikwenda moja kwa moja mpaka mezani kwa Waziri. Dada akaonyesha muhuri wake, mzima. Akavunja lakiri. Akamimina mafuta kwenye silinda ya kioo, akachukua ufito, akaupaka ile dawa ya manjano ambayo ikigusa maji hugeuka nyekundu.

Akauzamisha mpaka chini.

Mashahidi wakasogea karibu.

Akautoa. Manjano.

"Mafuta ni safi," alisema, na sauti yake haikutikisika. "Majibu ya kwanza nilisema uongo."

Redio ikakohoa.

"Waziri amefunga kalamu bila kutia saini," Fundi alisema. "Mhisani na balozi wake wametoka ukumbini bila kuaga. Mbao imenyooka. Kazi safi, Tindo! Kazi safi kabisa."

Gatini pampu zikanguruma. Mabomba yakatikisika, makuli wakapiga mbinja. Nahodha alimkumbatia mkurugenzi, mkurugenzi akamkumbatia mwanasheria. Dada hakukumbatiwa na mtu. Alikuwa akiosha silinda.

Simu ya Tindo ikalia. Si ile ya kazi.

"Mwanangu," mama yake alisema. "Samahani kukusumbua. Leo si siku yangu ya mashine? Nesi amekuja kunifungia mizigo. Anasema kitanda kina mtu mwingine."

"Mama..."

"Anasema eti nchi yangu imewakosea. Mimi nikamwambia, nchi yangu mimi naijulia wapi, mwanangu? Mimi na figo zangu. Lakini wewe si uko serikalini? Hebu waone wakubwa wako. Waambie ni mama yako, watasikia."

Maji kwenye sinki yakaacha kutiririka. Dada yake aligeuka, silinda mkononi.

"Ndege iko wapi?" aliuliza.

Tindo akatikisa kichwa, kidogo tu.

Dada aliiweka silinda kwenye meza, taratibu, akakaa tena kwenye stuli yake na kushika kichwa kwa glavu zilizolowa.

"Umenisikia, baba?" mama alisema. "Waambie."

"Nitawaambia, mama."

Akavaa miwani ya jua, ingawa jua lilikuwa linazama, akatoka. Alipita katikati ya makuli wanaoimba, hatua moja moja, mkono mfukoni. Shirika la umeme lilikwisha kufungulia akiba yake ya mwisho, na taa za mji zilianza kuwaka, mtaa baada ya mtaa, na watu wakashangilia.

"Mcheki yule," askari wa getini alimnong'oneza mwenzake. "Kaokoa nchi, anatembea kama katoka kununua sigara."

Tindo hakugeuka nyuma. Angegeuka, angeuona mlango wa maabara ukiwa wazi, na dada yake ndani, bado ameshika kichwa kwenye stuli.