Sarasvati wa Chumba Namba Saba

Kigoda kilikuwa kitupu. Jana jioni mungu wa kike alikuwa amekaa juu yake. Leo asubuhi, Ijumaa ya tarehe 11 Februari 2000, palikuwa na kitambaa cha njano tu, chenye duara la unyevunyevu katikati.

Inspekta Ananie Mathe alivua viatu mlangoni kabla ya kuambiwa. Polisi wa Butembo hawana desturi ya kuingia mahali pa tukio na soksi, lakini yeye alikijua Chumba Namba Saba miaka mingi kabla ya kujua pingu.

"Kimeibwa nini?" aliuliza.

"Sarasvati, Inspecteur. Sanamu ya udongo." Hemant Thakkar aliweka mkono usawa wa goti kuonyesha kimo chake. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mtoto wa mfanyabiashara wa Beni, na mwenyekiti wa chama cha wanafunzi Wahindu.

"Kingine?"

"Hakuna. Radio iko. Kinanda kiko. Hata kalamu moja hapana."

Ananie alitazama vitabu na kalamu zilizopangwa mbele ya kigoda. Ndiyo ilikuwa sikukuu yenyewe: mara moja kwa mwaka wanafunzi humwekea mungu wa elimu vitabu vyao miguuni, na siku hiyo ni mwiko kusoma. Hata mtihani ukiwa kesho, kitabu hakifunguliwi. Ni dini pekee Ananie aliyoijua inayomkataza mwanafunzi kusoma, na kwa sababu hiyo ilipata marafiki wengi chuoni.

Yeye mwenyewe alikuwa mmojawao. Mwaka wa themanini na nane Wahindu wa chuo walikuwa tisa, lakini chumba hiki kilijaa watu arobaini, wengi Wanande, wenyeji wa hapa, waliofuata ngoma na vitamu vya dengu. Mwalimu Bhaduri wa hesabu, mtu wa Calcutta, aliwafundisha kucheza kwa fimbo za mkalitusi, wakigongana kwa duara. Ananie alimponda kidole. Mzee alicheka, akafunga kitambaa, akarudi kwenye duara.

Kisha vita vikaja. Bhaduri aliondoka mwaka wa tisini na sita na begi moja. Sanamu yao ya zamani, ya shaba, ilibebwa na askari miaka miwili baadaye. Familia zikahamia Kampala, moja baada ya nyingine. Sasa Wahindu wa chuo walikuwa wawili, Hemant na Jyotsna Raval, na wote wawili wangesafiri kesho bila nia ya kurudi. Ananie aliwakumbuka wale watu kuliko alivyotaka kukiri mbele ya kijana huyu.

"Kufuli limevunjwa?"

"Hapana. Lilifunguliwa na funguo. Iko moja kwangu, na moja kwa Papa Zorobabel. Njo maana basoda bamemushika."

Hapo ndipo palipouma. Zorobabel, mlinzi wa chuo kwa miaka ishirini, alikuwa tayari mahabusu kituoni, amekamatwa na askari. Kamanda wa waasi walioshika mji alichoshwa na wizi wa chuoni na alitaka mtu wa kuonyesha. Saa kumi alasiri lori lingempeleka Zorobabel gereza la kijeshi la Beni, na huko watu waliingia kwa urahisi kuliko walivyotoka.

Inspekta aliinama kizingitini. Nje ya mlango, pembeni, palikuwa na tope lililokauka, alama za viatu viwili zimekaa sambamba. Alipima kwa rula. Namba thelathini na saba, soli ya raba yenye mistari.

"Jana mvua iliacha saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili hivi, tulikuwa tumesha kufunga."

Basi mwizi alikuja baada ya mvua, akavua viatu, akavipanga vizuri, ndipo akaingia kuiba. Ananie alitikisa kichwa. Mwizi mwenye adabu namna hiyo alikuwa hajakutana naye.

Chini ya kigoda aliokota nyasi kavu, yenye kipande cha karatasi ya kung'aa rangi ya fedha. Aliifunga ndani ya bahasha, akaenda kituoni.

Zorobabel alikuwa amekaa sakafuni, jicho moja limevimba. Buti zake zilikuwa kubwa kama mitumbwi.

"Papa, funguo yako inalala wapi?"

"Ku musumari, nyuma ya mulango ya jikoni yangu."

"Nani anajua?"

"Bote, Inspecteur. Batoto ya chuo banakuyaka kuota moto kwangu kila siku."

"Wewe ulimchukua Sarasvati?"

"Ningemupeleka wapi? Mi na ule mama tunajuana tangu zamani. Namupanguzaka vumbi." Aligusa lile jicho. "Mke wangu hajue niko wapi. Mumuambie."

Ananie aliahidi. Alijua kuwa tope na rula havimtoshi kamanda. Alihitaji sanamu, au mtu.

Jyotsna alikuwa bwenini akifunga sanduku. Vidole vyake vilikuwa bado na udongo kwenye kucha, kwa kuwa yeye ndiye aliyeifinyanga sanamu, kwa udongo alioupata kwa wafyatua matofali wa Mususa. Miguuni alivaa kandambili.

"Mlikuwa mumfanyie nini leo?"

"Saa nane tungemupeleka mutoni, ku Kimemi. Wa udongo hakalake siku mingi. Siku ya pili tunamuachilia mu maji."

"Nani alijua?"

"Mi na Hemant. Na Kavira. Jana nilimuelezea."

"Kavira ni nani?"

"Rafiki yangu. Ni Mukatoliki, wa Alimbongo, lakini anacheza kutupita. Yeye njo alichora macho ya Sarasvati."

"Ulipomweleza alisema nini?"

Jyotsna aliacha kukunja nguo. "Hakusema kitu. Alienda kwenye kwaya, eti bananyoosha depot, stoo ya paroisse."

Ananie, Mkatoliki wa kuzaliwa, hakuhitaji kuuliza zaidi. Wiki iliyopita ilikuwa sikukuu ya Bwana kutolewa hekaluni. Ndipo pango la Noeli huvunjwa, na wanakwaya hufunga sanamu zake kwa nyasi na kuzirudisha stoo pamoja na nyota ya karatasi ya fedha.

Ilikuwa saa tisa kasoro robo alipofika parokiani. Stoo ilikuwa wazi. Msichana wa miaka ishirini na miwili hivi alikuwa akipanga vitabu vya nyimbo juu ya kasha kubwa. Raba zake zilikuwa na tope.

"Kavira?"

Alishtuka. Kitabu kimoja kilianguka, mguu wake ukakigusa. Papo hapo aliinama, akakigusa kwa vidole, kisha akagusa paji la uso wake.

Ananie alisimama pale pale. Hivyo ndivyo Mwalimu Bhaduri alivyowafundisha: ukigusa kitabu kwa mguu, umwombe Sarasvati radhi. Yeye alikuwa ameshasahau. Msichana huyu hakuwahi hata kumwona Bhaduri, lakini adabu yake ilimfikia.

"Fungua kasha, binti yangu."

Alifungua. Kati ya Yosefu na ng'ombe, juu ya nyasi, Sarasvati alilala amefunikwa shali ya wachungaji. Hakuwa na ufa hata mmoja.

"Mi njo nilimubeba," alisema Kavira. "Hapana Papa Zorobabel."

"Kwa nini?"

"Bangemutupa mu maji. Mi nilimuchora macho na mukono yangu. Kesho na bo banaenda. Kila mwaka kunaenda batu, kila mwaka. Nikajisemea, hata yeye tu abakie."

"Na Zorobabel?"

Machozi yalimtoka. "Nilisikia saa tatu. Nilifika ku poste yenu mara mbili, nikarudia. Niliogopa fimbo ya basoda."

"Utaweza kuyasema haya mbele yao?"

Alipangusa uso. "Nitasema."

Walikuta lori linanguruma mbele ya kituo. Zorobabel alikuwa juu, mikono imefungwa. Hemant na Jyotsna walikuwa wamekuja kumwombea, wakisukumwa pembeni. Kavira alisema yote, sanamu mikononi.

Sajini wa kamanda alimsikiliza mpaka mwisho. "Ça va. Ule mzee ashuke. Demoiselle apande. Mwizi ni mwizi."

Kavira aliangalia ngazi ya lori. Ananie alijiingiza katikati, bila kujua bado atasema nini.

"Mwizi wa nani?" aliuliza Jyotsna. Alitoa mkobani daftari la chama, akafungua ukurasa wa wanachama. "Soma, chef. Namba moja Hemant. Namba mbili ni mi. Namba tatu, Kavira, tangu tisini na saba. Donc kitu ni yake pia. Alikihamisha tu, bila kutuambia."

Hemant alielewa mara moja. "Ninaondoa plainte," alisema. "Hakuna wizi."

Inspekta alichukua kalamu na kuandika haraka kuliko alivyowahi kuandika maishani: mali imepatikana, mlalamikaji amefuta shtaka, faili limefungwa. Akagonga muhuri. Sajini alisoma, akamtazama yule mama wa udongo, akasonya, akaamuru kamba ikatwe.

Kavira alipiga magoti mbele ya Zorobabel. Mzee alisugua viganja vyake kwa muda.

"Ungekuja asubuhi, binti, hili jicho lingekuwa zima," alisema. "Simama. Mke wangu atakusemesha, mi nimemaliza."

Kimemi ilikuwa imejaa kwa mvua ya jana. Walisimama watano ukingoni. Hemant alipiga kengele ndogo. Kavira hakutaka kumwachia sanamu mtu mwingine, na hakutaka pia kuingia majini.

"Hatumutupe," Jyotsna alimwambia polepole. "Tunamusindikiza kwake. Asipoenda, mwaka kesho atakuja vipi?"

"Na weye? Weye utakuja?"

Jyotsna angeweza kudanganya. Ananie, aliyesikia uongo tangu asubuhi hadi jioni kwa kazi yake, alitamani kwa mara moja ausikie na huu.

"Sijuwe, Kavira."

Kavira aliitikia kwa kichwa. Alivua raba zake, akazipanga sambamba juu ya majani, akaingia mpaka magotini. Alimshusha Sarasvati taratibu, uso ukielekea juu. Macho aliyoyachora yeye yalianza kutoa rangi nyeusi, kisha yakaondoka na mkondo. Jyotsna akaingia na sketi yake, akasimama kando yake, na hakuna aliyewaambia kuwa giza linakaribia.