Mikono ya Koti la Baba

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda kuchota maji, Lydie alilitoa koti la baba yake sandukuni na kulitundika kivulini nyuma ya nyumba, kule Nyalukemba, mtaa wa Bukavu. Apolline alimshikia kiango cha nguo. Harufu ya naftalini ikishapungua, walilipangusa vumbi taratibu na kulirudisha. Lilikuwa koti la kijivu la kostime, yaani suti, ambalo Papa Modeste alilivaa ofisini siku za wageni.

Lydie alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Vita vilipoingia Bukavu mara ya kwanza, baba yake alitoka kutafuta unga na chumvi, asirudi tena. Maiti haikuonekana, wala habari. Watu wengine wana kaburi la kupalilia. Nyumba hii ilikuwa na koti. Apolline hakuwa hata na hilo. Alikimbia mapigano Luvungi pamoja na majirani, wazazi wake wakabaki huko chini ya udongo. Maman Agathe, mama yake Lydie, alimpokea akisema kwamba mtoto ni mtoto.

Sasa vita vya pili vilikuwa vimekaa mjini kama mgeni asiyejua kuaga, lakini watu huoana hata vitani. Parfait, kaka yake Lydie, alikuwa anamuoa Mireille, binti wa watu wa Kalehe waliohamia mjini. Na kwetu ndoa moja ni ndoa tatu: ya kimila, siku ya kutoa mahari tunayoiita doti; ya serikali, kwenye ofisi ya komini; na ya kanisa. Jioni moja walikaa kupanga bwana harusi atavaa nini.

"Avae kostime siku zote tatu," alisema Tonton Zagabe, mdogo wake Papa Modeste. "Batu baone kama tuko na kitu."

"Hapana, shemeji," Maman Agathe alijibu. "Siku ya doti atavaa shemise ya kitenge, sawa na ya Mireille. Mutu anaenda kuomba binti, haendi kujionyesha. Kwa komini, shemise nyeupe na kravati ku shingo inatosha. Kostime ya papa iko ya kanisa."

"Na siku ya doti, veste ya papa itakuwa wapi?" Parfait aliuliza kwa sauti ya chini.

"Itakuwa ku kiti yake, pembeni yako. Bakwe baone kama uko na papa."

Lydie aligeuka ukutani asionekane akilia.

Siku moja kabla ya doti, Maman Agathe alimpa Lydie pasi ya makaa. "Weka kitambaa ya maji juu kwanza. Ile veste inaungua mbio."

Lakini wasichana wenzake, isipokuwa Apolline, walikuwa wameshakwenda kwa fundi kupimwa nguo za harusi, na haraka haina baraka. Kitambaa alikisahau kwenye kamba. Pasi iliposhuka kwenye mkono wa koti, moshi ulipanda. Alipoinyanyua, tundu la kahawia lilikuwa limekaa pale karibu na kiwiko. Akaukunja mkono ule kwa ndani, akalifunika koti kwa shuka.

"Iko muzuri, maman," akasema, na kukimbilia kwa fundi.

Asubuhi ya doti, siku ya Jumamosi, Tonton Zagabe alilikunjua koti mbele ya wote. Maman Agathe akaketi sakafuni pale pale alipokuwa.

"Nani alishika pasi?"

"Miye niliiacha muzuri," Lydie alisema. Ulimi ukateleza mbele zaidi. "Apolline njo alibakia nayo."

Apolline alimtazama, akainamisha kichwa. Mtoto asiye na kwao huogopa hata kukataa.

"Mutoto wa kuokota," Tonton Zagabe akasema. "Abakie nyumba. Asituletee mukosi kwa bakwe."

Kwa wakwe, Parfait alipendeza ndani ya shati lake la kitenge. Pembeni yake kiti cha baba kilikuwa kitupu. Wazee wa Kalehe walikitazama, kisha wakatazama kwingine kwa heshima. Parfait aliweka kiganja chake juu ya kiti hicho, hakukiondoa mpaka mwisho. Nguo mpya ya Lydie ilimbana kifua, ingawa fundi alikuwa ameipima vizuri.

Waliporudi, Lydie alimkuta Apolline nyuma ya nyumba. Kifurushi chake cha nguo kilikuwa miguuni pake, kimeshafungwa. Mbele yake, kivulini, koti lilikuwa limetundikwa.

"Leo ni samedi, siku ya veste," Apolline akasema. "Nilikuwa nabangoja, batu basiibe veste ya papa. Sasa naenda ku paruasi, kwa bapadri."

Lydie alilia kwa sauti hadi watu wote wakatoka. "Miye niliunguza," alisema. "Na nilisema uongo. Apolline hakugusa kitu."

Tonton Zagabe alikiinua kile kifurushi, akakirudisha ndani mwenyewe. "Nisamehe, mutoto wetu," alimwambia Apolline.

Maman Agathe hakugomba. Alichukua mkasi, akaikata mikono yote miwili ya koti, maana mwili wake ungeweza bado kuwa kizibao cha kuvaliwa juu ya shati jeupe. Kisha akaishika ile mikono mapajani, ndipo machozi yakamtoka.

"Lydie, hii mikono njo ilikuwa inakubeba," akasema. "Veste imeungua, tutaililia tu. Lakini papa yako hakutoka ile siku juu ya veste. Alitoka kutafutia batoto chakula. Ulipomutupia Apolline kosa yako, ulimufukuza mutoto mu nyumba ya papa yako. Kosa ya pasi, miye naweza kushona. Uongo ungeachia huyu mutoto barabarani, na huko hakuna sindano."

Siku ya kanisa Parfait alivaa kile kizibao. Lydie alimsaidia vifungo, akamwomba radhi.

"Inanishika mabega," Parfait akamjibu. "Inatosha."

Jumamosi iliyofuata Lydie alifungua sanduku, akakuta ile mikono miwili tu, mmoja mzima na mmoja una tundu. Akamwita Apolline. Kila mmoja akachukua mkono wake, wakatoka nao kivulini.