Kaya ya Thelathini na Moja

Umeme ulikatika Hellena akiwa bado na kurasa sabini za kutoa nakala. Duka lile la vifaa vya ofisi, jirani na stendi ya Sumbawanga, lilikuwa limejaa watu.

"Hayo makaratasi ni ya kesi?" aliuliza mwanamume nyuma yake, mrefu, amevaa koti juu ya fulana, ameshika kadi ya kliniki.

"Ya shule. Nasomea uzamivu wa uuguzi wa familia."

"Ukimaliza unakuwa daktari?"

"Nitaitwa dokta, ila nitabaki nesi."

"Basi unazunguka palepale."

Hellena alitaka kukasirika, akacheka. Hakuwa amecheka tangu profesa wake wa Dar es Salaam airudishe sura ya tatu ya tasnifu yake kwa mara ya nne.

Mwanamume huyo aliitwa Mboje, Msukuma mwenye duka la dawa za mifugo Katandala. Kadi ilikuwa ya baba yake, Mzee Maganga, aliyepooza kwa kiharusi. Hellena alikuwa akitafuta familia arobaini zinazouguza wagonjwa wa namna hiyo nyumbani. Wiki iliyofuata akafika kwao Milanzi na dodoso lake, akaiandika familia ile kaya ya thelathini na moja.

Alikwenda kila Jumatano. Alimfundisha Mboje kumgeuza mzee asipate vidonda. Jioni moja simu yake ikalia.

"Nesi wangu, mzee kamaliza uji."

"Umenipigia kwa ajili ya uji?"

"Uji ni wa mzee. Mimi nilitaka sauti."

Jumatano moja Hellena alijikuta amevaa gauni la kitenge aliloshonesha kwa ajili ya Pasaka. Akajua kimempata nini. Akamweleza profesa, na profesa akajibu kwa ufupi: hiyo kaya iondoke, atafute nyingine, aanze nayo mwanzo. Hiyo ingemwongezea muhula mzima.

Siku tatu Hellena hakutaka kuongea na mtu. Ya nne akamtumia Mboje ujumbe mkavu kama barua ya ofisi: "Kwa sababu za kitaaluma, kaya yenu imeondolewa kwenye utafiti. Asanteni kwa ushirikiano."

Jumatano hakwenda. Alipopiga, simu haikupokelewa. Mara ya sita Mboje akapokea.

"Mmeshapata mlichotaka kwa mzee wangu," akasema, akakata.

Kesho yake Hellena alipanda bodaboda mpaka dukani Katandala, amevaa sare zake za kazi. Akasubiri mteja wa dawa ya kupe aondoke.

"Mzee anakuulizia," Mboje alisema bila kuinua macho. "Nimwambie tulikosea swali lipi?"

"Hamkukosea. Mtafiti haruhusiwi kumpenda mtu wa kwenye dodoso lake. Nikaitoa kaya, nikakubakiza wewe."

Mboje akaketi juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe.

"Sasa si ungesema hivyo?"

"Nilikuwa na hasira. Miaka mitano nasoma, Mboje. Nimeongeza muhula kwa ajili yako, halafu hupokei simu."

"Kwa hiyo nimekuharibia."

"Umeniharibia."

"Nifanyeje?"

"Kila Jumatano nakuja kumgeuza mzee, bila karatasi. Jumapili hii, baada ya misa, mlete mshenga nyumbani kwetu Chanji."

"Mshenga nimpate wapi kwa siku tatu?"

"Utajua mwenyewe. Mimi nina kaya ya kutafuta."

Akapanda bodaboda, hasira haijamtoka, tabasamu limemshinda kulificha.