Risasi ya Kwanza ya Papa Rigobert

Simu ilitetemeka mfukoni mara mbili, ikanyamaza.

Jémima alikuwa Chaussée d'Ixelles, anachagua makemba, zile ndizi kubwa, ya kwenda kukaanga. Akaitoa simu, akasoma bila kusimamisha mkono.

*Wali umeungua.*

Aliyaacha makemba hapo hapo kwenye mizani. Akakimbia.

"Eh! Dada! Hubebi tena?" muuzaji alipiga kelele.

Maneno mawili tu, na katika Brussels nzima walioyajua maana yake walikuwa wawili. Yeye na mkuu wake. Leo kuna mtu atauawa.

Yamaha yake nyeusi ilikuwa imeegemea ukuta. Alivaa kofia ngumu, na sauti ya Kadiri ikaingia sikioni kabla hajawasha pikipiki.

"Uko wapi?"

"Porte de Namur."

"Na papa unayemlinda?"

"Etterbeek, kwenye uwanja wa shabaha. Leo ni siku ya bunduki za zamani. Wamekwenda na maman na watu wa kanisa."

Kadiri alikuwa mtu wa Bujumbura, Mwislamu wa swala tano, mkuu wa ofisi isiyo na kibao mlangoni. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Karatasi ilichakarika upande wake.

"Kadiri?"

"Tumenasa simu, dada. Ni yule Mzungu tunayemwita Muuza Friji. Nakusomea: 'Mzee asifike mahakamani lundi. Bunduki impasukie usoni. Watu watasema ilikuwa ya zamani, imechoka.'"

"Anamwambia nani?"

"Hatumjui. Amejibu neno moja tu, d'accord, sawa. Lakini yuko humo ndani pamoja nao."

Yamaha iliruka taa nyekundu.

Huyo papa aliitwa Rigobert. Miaka mingi iliyopita alikuwa askari Bukavu, fundi wa kutengeneza silaha. Huku Ulaya alipata kazi ya kupakia friji kuukuu kwenye makontena ya kwenda Afrika. Siku moja friji moja ilimshinda kunyanyua. Akaifungua mlango. Ndani hamkuwa na rafu. Mlikuwa na bunduki, zile ambazo serikali husema zimeuawa, zimezibwa mdomo, ni za kupamba ukuta tu. Yeye fundi alizitazama mara moja akajua kwamba zimefufuliwa. Na Mzungu aliyekuwa amesimama kando anasimamia upakiaji, yule Muuza Friji, alimwona uso kwa uso.

Kule Kivu, nyuma ya Walungu, mdogo wake Papa Rigobert alikufa kwa bunduki kama hizo.

Lundi, yaani Jumatatu, angesimama mbele ya hakimu, aseme, "Ni huyu." Hakuna mwingine aliyeuona uso ule. Akifa Papa Rigobert, friji zitaendelea kusafiri.

"Nimtoe?" Jémima aliuliza.

"Ukimtoa, muuaji atakaa kimya, kesho atamfuata mpaka kitandani. Mtafute leo. Na mzee asikwaruzwe hata ukucha."

"Sawa."

"Dada. Usichelewe."

*

Uwanja wenyewe ulikuwa chini ya ardhi, ngazi zinashuka kwenye harufu ya mafuta ya bunduki na baruti. Ndani, ukuta wa zege, nguzo nene, na mbele mistari ya kupigia shabaha yenye karatasi zinazoning'inia kwa mbali kama nguo zilizoanikwa. Kwenye meza za nyuma zilipangwa zile za kale: Mauser ya vita vya kwanza, Lee-Enfield ya Waingereza, Mosin-Nagant ya Warusi, ndefu kuliko mtoto wa shule.

Na FN 49. Kitako cha mbao nyekundu. Aina ile ile aliyoibeba Papa Rigobert ujanani.

Jémima alivaa vifunika masikio kama watu wote. Ndani yake mlikuwa na sauti ya Kadiri.

Kwa watu wa kanisa yeye alikuwa infirmière, muuguzi kutoka Jette anayempima papa presha. Hata mke wa papa, Maman Marie-Claire, kiongozi wa maombi, hakujua zaidi ya hapo. Ama hakuwahi kusema kama anajua.

"Jémima! Umefika, mwana yangu!" Papa Rigobert alikuwa amevaa suti ya harusi za watu na viatu vinavyong'aa. "Kuja uone. Ni yeye mwenyewe. Bibi yangu wa kwanza."

"Anasema vile mbele yangu," Maman Marie-Claire akasema. "Miaka yote ile minapika, kumbe niko wa pili."

Watu wa kanisa wakacheka. Walikuwa kumi na kitu, wamekuja kumshangilia mzee. Kati yao alisimama Constant, koti la ngozi, tabasamu pana. Ndiye aliyempa papa siku hii kama zawadi. Ndiye aliyewaleta kwa gari lake. Kanisani hubeba viti, husalimia kila mzee kwa mikono miwili.

Jémima alimwinamia papa, akamfunga mkanda wa presha mkononi ili aseme naye karibu.

"Papa, turudi nyumbani. Presha iko juu."

Mzee alimtazama. Askari wa zamani hadanganywi na mkanda.

"Kuko kintu?"

"Kuko."

"Bon. Sikia. Nilikimbia Bukavu. Nikakimbia Uvira. Nikakimbia kambi. Hapa Etterbeek sikimbie tena. Weye fanya kazi yako, miye nifanye yangu."

Akajifungua mkanda mwenyewe.

Msimamizi wa uwanja, Mbelgiji mnene aitwaye Luc, alipuliza filimbi. "Monsieur Rigobert, mstari wa nne! Wewe ndiye unayefuata!"

Jémima alitoa kipimajoto kwenye mfuko wa kazi. Hakikuwa kipimajoto. Kilikuwa kamera yenye taa, nyembamba kama njiti ya kiberiti. Alipita kando ya FN 49 kama mtu anayeshangaa mbao nzuri, akakiingiza mdomoni mwa bunduki, akakitoa.

"Kadiri. Unaona?"

"Naona. Mtutu ni msafi. Hamna kilichozibwa."

Basi haikuwa bunduki.

Zilikuwa risasi.

Mbele ya mstari wa nne palikuwa na kibao chenye matundu matano, risasi tano zimesimama humo, za shaba, zinafanana kama mapacha. Luc alikuwa amezigawa asubuhi, kila mpigaji na kibao chake. Tangu hapo kila mtu alipita pale. Kila mtu alipiga picha pale.

"Lazima moja imejazwa baruti nyingine," Kadiri alisema. "Ile ya kuvunjia mawe. Unaijua ni ipi?"

"Nahitaji muda wa kuzipima."

"Huna muda."

Papa Rigobert alikuwa tayari amefika mstarini. Luc anamwonyesha pa kusimama. Jémima akienda kugusa risasi sasa, macho yote yatamwona, na muuaji naye ataona.

Akageuka. Akamshika Maman Marie-Claire mkono.

"Maman. Papa hajaombewa."

"Niliomba kwa gari."

"Omba tena, maman. Omba murefu."

Maman Marie-Claire alimtazama machoni. Alifunga kitambaa chake vizuri kichwani, kama mtu anayejiandaa kuinua mzigo.

"Alors!" Sauti ile ilizijua kuta za kanisa kubwa kuliko lile shimo. "Monsieur Luc, pardon. Kwetu hatugusi silaha bila Mungu. Batu bote, tufunge macho!"

Luc alivua kofia yake, uso mwekundu.

"Baba wa mbinguni, Weye uliyetutoa kwa moto ya Kivu..."

Vichwa viliinama. Mikono ikainuka. Nani atamkatiza Maman Marie-Claire akishaanza? Hata pasta huwa anasubiri.

Jémima aliinamisha kichwa.

Macho hakuyafumba.

Alikuwa na soli laini, za wauguzi. Akasogea hadi mstari wa nne. Akatoa pamba mfukoni. Pamba ile ikigusa baruti ya kulipua, hubadilika rangi. Akaipitisha kwenye risasi ya mwisho. Nyeupe. Ya nne. Nyeupe. Ya tatu, ya pili. Nyeupe.

"...Weye uliyefunga kinywa cha simba kwa ajili ya Danieli..."

Ya kwanza.

Samawati.

Ndiyo ile ambayo mkono wa papa ungeichukua mwanzo. Aliingiza risasi ile kwenye mfuko wake wa kazi, akachukua nyingine ya aina ile ile kwenye kibao cha jirani, akaisimamisha mahali pake. Kisha akainua macho polepole.

Sasa nani?

Vichwa vyote vimeinama. Macho yote yamefungwa. Mama mmoja analia kwa Roho. Kijana mmoja anasema amina kila baada ya neno.

Mmoja hakuinama.

Constant alikuwa amewapa mgongo, anaelekea nyuma. Hatua. Kituo. Hatua. Vifunika masikio, ambavyo kila mwanamume pale alikuwa amevivua kwa heshima ya maombi, yeye alikuwa anavivaa. Akaingia nyuma ya nguzo ya zege, ubavu wote, kama mtu anayejikinga mvua.

Hakuna mvua chini ya ardhi.

Jémima alikuwa amesharudi mahali pake.

"Kadiri," alinong'ona, midomo haichezi. "Ni Constant."

"Yule wa viti? Una uhakika?"

"Anasubiri mlipuko."

"...kwa jina la Yesu, Amina!"

"Amina!"

Watu wakapangusa macho. Papa Rigobert akachukua FN 49. Akanyoosha vidole kwenye risasi ya kwanza.

"Papa," Jémima alisema kwa sauti ya wote kusikia. "Si uachie ndugu Constant aanze? Si ni yeye ametupa hii siku?"

Watu wakafurahi.

"Ni kweli!"

"Mupe heshima, Papa!"

Mzee alimtazama Jémima. Akaelewa. Akageuka na tabasamu, akainyoosha bunduki kwa mikono miwili, namna wanavyotoa zawadi kwao.

"Constant, mwana yangu. Kuja. Weye ndiye ulilipa. Anza weye."

Constant alichungulia kutoka nyuma ya nguzo. Tabasamu lilikuwa bado usoni, lakini lilikuwa limebaki peke yake.

"Hapana, papa. Bakubwa kwanza."

"Minakupa mimi mukubwa. Unanikatalia?"

"Papa, miye... bega inaniuma."

"Bega gani?" Maman Marie-Claire akauliza. "Asubuhi ulibeba viti makumi mbili!"

Watu walicheka. Kijana mmoja akaanza kumsukuma mgongoni, kwa utani. "Kwenda, kaka! Unaogopa bunduki ya babu?"

Jasho lilimtoka Constant kwenye paji. Alisukumwa hadi mbele. Alitazama risasi ya kwanza kama mtu anayetazama nyoka kitandani.

"Iweke, mwana yangu," Papa Rigobert alisema taratibu. "Iweke, upige."

Mkono wa Constant uliingia kwenye koti la ngozi.

Ukatoka na bastola, Walther PPK.

Mama mmoja akapiga yowe. Watu wakalala chini, meza zikaanguka. Luc alibonyeza kitufe chekundu ukutani na king'ora kikalia.

"Rudi nyuma! Bote!" Mdomo wa Walther ulikuwa unamtafuta mzee. Maman Marie-Claire alikuwa ameshasimama mbele ya mume wake, mwili mzima, hajafumba macho safari hii.

"Piga," alisema. "Tuko bawili."

Constant akasita. Alikula ugali kwa huyu mama kila dimanche baada ya ibada.

Kusita kule kulimtosha Jémima. Alikuwa na Mosin-Nagant mikononi, ameinyakua kwenye meza ya jirani.

Constant akamwona. Akacheka. "Tupa chini, infirmière. Haiko na risasi."

"Najua."

Kitako cha Mrusi kilimpata kwenye kifundo cha mkono. Walther ikaruka, ikateleza chini ya meza. Kitako kikarudi, kikampata kwenye mbavu. Constant alipiga goti. Alipojaribu kuinuka, soli laini ya muuguzi ilikuwa shingoni mwake.

"Bega bado inauma?" Jémima aliuliza.

Akamfunga mikono kwa mkanda wa presha.

Simu ikalia. Si ya kwake. Ilikuwa kwenye koti la Constant, Samsung ndogo ya bei rahisi. Kwenye kioo hapakuwa na jina.

"Kadiri. Bwana wake anapiga."

"Mwache aongee. Nipe pumzi kumi nimtafute alipo."

Jémima alifikiri. Kisha akampa Papa Rigobert simu ile.

Mzee aliiweka sikioni. Sauti ya Mzungu ikauliza kwa Kifaransa, haraka, "Imekwisha?"

Papa Rigobert hakuwa na haraka. Alikohoa kwanza. Akaweka kola yake sawa.

"Allô, monsieur. Ni Rigobert. Yule wa friji." Akavuta pumzi. "Hapana, haiyaisha. Tutaonana lundi."

Upande wa pili simu haikukatwa upesi. Hofu humfanya mtu asahau kidole chake.

"Tumempata," Kadiri alisema. "Mercedes ya kijivu, kona ya pili kutoka mlangoni kwenu. Alikuja karibu aone ambulansi." Mlango wa gari ukasikika sikioni mwake ukifunguliwa kwa nguvu, watu wakipaza sauti, kisha utulivu. "Kwisha. Alhamdulillah. Wali?"

"Umeiva," Jémima akasema.

*

Polisi walimpandisha Constant ngazi. Alipopita mbele ya Maman Marie-Claire aliinamisha kichwa, sasa ndiyo akainamisha.

"Nitakuombea," maman akamwambia. "Lakini chakula, hapana tena."

Luc alikuwa ameketi kwenye ngazi anakunywa maji. Papa Rigobert alimwendea, FN 49 mkononi.

"Monsieur Luc. Miye bado sijapiga."

Mbelgiji alimtazama. Akatazama sakafu, meza zilizolala ubavu. Akaenda stoo, akarudi na risasi moja mpya aliyoikagua mara mbili.

Bunduki ililia mara moja tu. Karatasi ikatikisika mbali kule. Papa Rigobert hakuangalia ilipopigia. Aliiweka mezani, akaipapasa kitako kama mtu anayemuaga farasi.

"Yatosha," alisema. "Ingine nitaisema kwa mudomo, lundi."

Jémima alikuwa ameshafika kwenye ngazi, kofia ngumu kwapani, aliposhikwa mkono.

"Weye." Maman Marie-Claire alisogea karibu, akashusha sauti. "Wakati niko naomba, weye ulikuwa unatembea. Macho wazi. Nilikuona."

Jémima akageuka. "Maman. Uliniona namna gani, kama macho ya kwako ilikuwa imefungwa?"

Kicheko kikamshika Maman Marie-Claire, cha tumboni, mpaka akaegemea ukuta.

"Kwenda zako," alisema, anafuta machozi. "Na kesho kuja kula. Kiti kimoja kiko wazi."

Jémima alipanda ngazi hadi kwenye mwanga wa mchana. Yamaha iliunguruma mara ya kwanza alipoigusa. Chaussée d'Ixelles, muuzaji wa makemba alikuwa bado amemwekea mfuko wake pembeni.