Gurudumu Lililokatazwa Kufunguliwa

Gari la Injinia Lutengano Mwambipile lilimshtaki Jumapili asubuhi, yeye na mkewe wakiwa njiani kwenda kanisani. Walikuwa wamekaribia mzunguko wa Ipagala. Gari lilipunguza mwendo lenyewe, likajiegesha pembeni, likazima. Sauti ya upole ikatoka kwenye dashibodi na kumjulisha kwamba alikuwa akienda kilomita sitini na mbili kwa saa mahali panaporuhusiwa arobaini, kwamba taarifa ya kosa lake imeshafika Mamlaka ya Mwendo, na kwamba gari halitawaka kwa siku tatu.

Lutengano alikuwa akienda thelathini, au pungufu. Baiskeli ilikuwa imewapita muda mfupi uliotangulia.

Mkewe, Tusekile, alifungua mlango, akaanza kutembea. "Leo limekugeukia wewe mwenyewe, Baba Atupele," alisema bila kugeuka.

Kifaa kilichowasimamisha kiliitwa Shahidi. Mwaka huo wa 2071 hakuna gari lililoruhusiwa kuingia Dodoma bila hicho. Zamani kipimamwendo kilikuwa mshale tu mbele ya dereva, anayetaka autazame, asiyetaka auache. Shahidi alikuwa kipimamwendo chenye akili. Alihesabu mizunguko ya gurudumu, akaitunza hesabu, akaituma Mamlaka, na ajali ikitokea alitoa ushahidi mahakamani kama mtu aliyekula kiapo. Vifo vya barabarani vilikuwa vimepungua hadi robo. Kihisi chake kilifungiwa ndani ya gurudumu kwa lakiri, na sheria ilimkataza mtu yeyote kuikata. Injinia aliyeongoza kazi ya kumbuni Shahidi alikuwa Lutengano, miaka mitano kabla ya kustaafu kwake.

Gari lilivutwa hadi nyumbani. Jumatatu, baada ya chai, alivaa ovaroli lake la zamani na kuanza kutafuta ubovu kama alivyowafundisha wengine, akianza na vilivyo rahisi. Fyuzi ilikuwa nzima. Alifuata waya kutoka dashibodi hadi nyuma ya gurudumu la mbele kushoto, akichunguza kila mahali ulipounganishwa. Hakukuwa na kutu wala mchubuko. Alipima umeme kwa mita, ukawa sawa. Ndipo akaliinua gari kwa jeki, akalizungusha gurudumu kwa mkono, mzunguko mmoja kwa kila sekunde, huku Tusekile akimsomea kioo cha dashibodi kutoka kwenye kiti cha dereva.

Gurudumu lile likizunguka mara moja, gari huenda mita mbili. Kwa mwendo huo kioo kilipaswa kusoma kilomita saba.

"Kumi na nne," Tusekile alisema.

Alimwomba asome tena. Ilikuwa kumi na nne, kisha kumi na tatu, kisha kumi na nne.

Alikaa chini kwenye saruji akaitazama lakiri kwa muda. Kisha akachukua koleo, akaikata.

Ndani kulikuwa na pete ya chuma yenye meno arobaini na nane, ambayo kihisi huyahesabu yanapopita mbele yake. Aliifuta vumbi kwa kitambaa. Kutu ilikuwa imeifurisha pete kwa ndani, nayo ikapasuka, ufa mwembamba kama unywele. Ufa ulipopita mbele ya kihisi, hesabu ilivurugika. Hilo peke yake lingemfanya Shahidi anyamaze, au aseme kwamba hajui. Lakini Shahidi hakuruhusiwa kusema hajui. Alidhani meno mengine yamempita bila kuyaona, akayaongeza kwa kukisia, na siku zote alikisia kwenda juu.

Lutengano aliijua kanuni hiyo. Aliiandika yeye. Mawakili wa Mamlaka walikuwa wamemwambia kwamba mahakama haitampokea shahidi mwenye mapengo, naye akaona ni salama zaidi pengo lijazwe kwa namba kubwa kuliko ndogo. Aliiita kanuni ya kujaza pengo. Aliitunga siku moja, kabla ya chakula cha mchana.

Tusekile alimwona mumewe hainuki. Akamuuliza kama ubovu ameupata.

"Ndahani," alisema Lutengano.

Jina hilo mkewe alilikumbuka. Ndahani Chilewa alikuwa dereva wa gari la maji la Nkuhungu. Miaka saba iliyopita alimgonga bibi mmoja aliyekuwa akivuka barabara karibu na kwake, naye bibi akafa. Shahidi alisema themanini na moja. Ndahani aliapa kwamba alikuwa akienda arobaini, na kwamba kioo kilikuwa kikirukaruka tangu asubuhi. Aliiomba mahakama gurudumu lifunguliwe. Hakimu alimgeukia mtaalamu aliyeitwa kutoa maoni, na mtaalamu huyo, Injinia Mwambipile, alijibu kwamba hakuna haja, kwa kuwa mashine haina sababu ya kusema uongo na mtu anayo. Watu walicheka kidogo. Ndahani alifungwa miaka tisa. Mwaka wa nne alifia gerezani kwa kichomi.

Lutengano aliibadilisha pete siku hiyohiyo kwa nyingine aliyoitoa kwenye gari bovu la jirani, akalizungusha gurudumu, kioo kikasoma saba. Kazi yote haikuzidi saa mbili.

Kesho yake alikwenda Mamlaka na pete iliyopasuka ndani ya mfuko wa karatasi. Mkurugenzi, Fausta Ngaiza, alikuwa mwanafunzi wake. Alimwamkia shikamoo, akaigeuzageuza pete mkononi, akamsikiliza hadi mwisho. Hakubisha. Alisema kanuni itarekebishwa kwenye magari yote kwa mawimbi ya redio, kimyakimya, kabla ya mwisho wa mwezi. Lutengano aliuliza kuhusu waliokwisha kuhukumiwa.

"Hukumu ni elfu kumi na moja, mzee wangu," Fausta alisema. "Tukisema moja ilikosea, zote zitafunguliwa, na walioua kweli watatoka pamoja na wasio na hatia. Watu wataanza tena kukimbiza magari. Unataka tuzike wangapi ili tumsafishe marehemu mmoja?"

Lilikuwa swali la haki. Lutengano aliinuka, akaomba arudishiwe pete. Fausta alimwambia kwamba sasa hiyo ni mali ya Mamlaka.

Alikwenda Nkuhungu mikono mitupu. Mjane wa Ndahani, Bi Matika, alimtambua mara moja. Alimpa kigoda, yeye akabaki amesimama na ungo wake wa uwele. Lutengano alimweleza yote bila kujipunguzia: ufa, kanuni, siku aliyoiandika. Alimweleza pia kwamba Mamlaka haitasema neno.

Bi Matika aliutua ungo.

"Mume wangu aliomba gurudumu lifunguliwe," alisema. "Kulifungua ni kazi ya muda gani?"

"Nusu saa."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hatakinunua. Lutengano alianza kuomba radhi, naye akamzuia. Alisema yeye hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa akijua tangu siku ile, kwa sababu mumewe hakuwahi kumdanganya. Wasiojua walikuwa pale ng'ambo ya barabara. Alionyesha kwa kidevu nyumba yenye uzio wa minyaa. Mtoto wa yule bibi aliyegongwa, Yoeli, aliishi hapo. Zamani alikuwa rafiki wa Ndahani, walioa mwaka mmoja, wakachimba kisima pamoja. Mwili wa Ndahani ulipoletwa kutoka gerezani, Yoeli aliuzuia usizikwe kwenye makaburi ya mtaa, alipolala mama yake. Wakamzika mbali, kwenye mbuga, watu wanne tu.

"Mimi usiniambie," alisema Bi Matika. "Kawaambie wale."

Lutengano alivuka barabara. Yoeli alikuwa mtu mzima mwenye mvi, akifunga mbuzi. Alisikiliza akiwa ameshika kamba, na habari zilipokwisha aliuliza jambo moja tu: kama Ndahani alikuwa akienda arobaini, nani basi aliyemuua mama yake. Lutengano alisema hakuna aliyemuua. Mama alivuka ghafla, na arobaini haisimami papo hapo.

Yoeli aliiachia kamba. Alimpita Lutengano bila kumtazama, akavuka barabara, akasimama kwenye lango la Bi Matika.

"Hodi," aliita.

Bi Matika alikuwa uani, hatua kumi kutoka langoni, akipepeta uwele. Hakuinua kichwa.

"Hodi, shemeji."

Makapi yalikuwa yakipeperuka kuelekea langoni. Yoeli aliita mara ya tatu. Bi Matika aliumwaga uwele safi kwenye kapu, akachota mwingine, akaendelea kupepeta.