Kipande cha Enoka

Simu ya mtu ikiharibika tu humu ndani, naitwa nisimulie habari za Clever fundi, kana kwamba mimi ndiye niliyemtuma. Nimeshasema hadithi ile inanuka. Mnasema bibi tusimulie tu, sisi hatuna kinyaa. Haya. Atakayetapika atafuta mwenyewe, magoti yangu hayainami tena.

Clever alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta na simu Tunduma, mtaa wa Sogea, nyuma ya barabara yanakopanga foleni malori ya kwenda Zambia. Ufundi alikuwa nao, hilo asinyimwe. Simu iliyoanguka chooni aliikausha ikaita. Kompyuta iliyowashinda mafundi watatu, yeye aliifungua, akainamisha pua, akainusa mara moja tu, akajua kilichoungua.

Lakini mikono yake ilikuwa na mchezo mchafu. Ukimpelekea kompyuta yako, kizima kilichomo ndani alikichomoa, akapachika kibovu kinachofanana nacho. Ikiwaka, wewe unashukuru na kwenda zako. Ikiwa nzito, anakwambia, mama, hizi za zamani ndivyo zilivyo. Vile vizima alivipeleka nyumbani, akavipanga kimoja kimoja kwenye kompyuta yake mwenyewe. Diski ilikuwa ya gesti moja ya Nanyala, feni mbili za karani wa Mlowo, na vingine hata yeye alishasahau vya nani. Kasha lake lilikuwa na kioo ubavuni, na ndani taa za rangi zinazobadilika kama za baa. Jumapili wenzake wakiwa kanisani, yeye alikuwa anaipangusa vumbi kwa brashi laini, taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Mtoto wake wa kweli, Dina, wa miaka mitatu, aliogeshwa na mama yake.

Sasa Jumatatu moja akaja Marita. Huyu alikuwa mjane wa Enoka, yule wakala wa forodha aliyezikwa wiki iliyokuwa imepita. Alileta kompyuta ya mezani ya ofisi ya marehemu, ameifunga kwenye khanga. Ilikuwa haiwaki, na ndani yake kulikuwa na karatasi za mizigo ya watu iliyokwama mpakani. Marita akavuta stuli karibu, akashusha sauti.

"Fundi, iwashe tu. Usitoe kitu, usiweke kitu. Tanga la Enoka tunalianua Jumamosi, na mpaka siku hiyo mali yake haigawanywi, hata sindano."

"Hata vumbi nisitoe, mama?"

"Vumbi toa. Nakwambia hivi kwa sababu marehemu alikuwa na mgeni wake. Alimchukua ng'ambo huko, siku biashara ilipomkalia vibaya. Jumamosi wazee watamwambia aende zake. Lakini kitu cha mwenyeji wake kikihama kabla, naye anahama nacho."

Clever akaitikia kwa adabu zote, na moyoni akacheka. Mwanamke alipoondoka, akalaza kasha ubavu, akalifungua. Ugonjwa ulikuwa mdogo wa kuchekesha: kipande cha memori kimeingiwa uchafu kwenye meno yake ya shaba, kitu cha kusugua kwa ufutio wa penseli na kurudisha. Akakichomoa.

Kilikuwa cha moto. Kompyuta ilikuwa haijaonja umeme kwa siku kumi, na kipande kilikuwa na joto la mwili, tena kimelowa, kinateleza, kama pipi iliyotolewa mdomoni mwa mtoto. Clever kwa mazoea yake akakinusa. Kilinuka mdomo wa mgonjwa asubuhi kabla hajasukutua. Akakifuta kwenye suruali. Halafu akakigeuza, akasoma maandishi, akaona ni kikubwa, ni kipya, ni kile hasa alichokuwa anakitafuta tangu mwaka jana.

Mnajua alichofanya. Marita alirudi saa kumi akaikuta kompyuta inawaka, akashukuru, akaondoka na kibovu.

Nyumbani mambo yalianza kesho yake, na yalianza na harufu. Erica, mkewe, alidhani ni panya aliyefia mahali. Wakasogeza kitanda, wakasogeza kabati, wakatoa mpaka magunia ya mahindi nje. Hakukuwa na panya. Harufu ilikuwa inatoka kwenye kompyuta, pale nyuma feni zinapotoa upepo, na haikuwa ya kuungua, bali ile ile ya mdomo. Clever akapitisha kidole kwenye kioo, kidole kikarudi na utando mweupe wenye mafuta, kama wa maziwa yaliyopoa. Akaupangusa kwa kitambaa. Baada ya chai ulikuwa umerudi.

Mchana huo umeme ulikatika mtaa mzima. Redio ya jirani ikanyamaza, friji ya duka la mbele ikanyamaza, taa za lile kasha zikazimika. Feni ziliendelea. Tena hazikuzunguka kama feni. Zilivuta, zikatulia, zikatoa, zikavuta tena, na kila zilipotoa kulikuwa na mkwaruzo wa kohozi lililoganda kifuani lisilotaka kutoka. Erica alisimama mlangoni na Dina mgongoni.

"Baba Dina," akanong'ona, "hiyo imechomekwa kwenye umeme gani?"

Clever akasema kuna chaji imebaki ndani. Akasema hivyo akiwa ameshika waya mkononi, mwisho wake ukining'inia.

Jumatano alikuwa anakula ugali na dagaa. Alipochovya tonge akaona kidole chake kidogo cha kushoto kina ukucha ambao si wake. Wake ulikuwa mwembamba, msafi, maana fundi wa vitu vidogo hutunza kucha. Huu ulikuwa mnene, wa manjano, umepinda kama ganda la konokono, na chini yake kulikuwa na weusi uliokauka. Haukumuuma. Ulikuwa umekaa vizuri kabisa, kama ulioota hapo. Akainuka bila kunawa, akafungua kasha, na pale kwenye nafasi tupu kando ya memori akaukuta ukucha wake, umekazwa kwa skrubu ndogo, safi, katikati, kazi ya fundi hasa.

Alhamisi likafuata jino. Alikuwa anatafuna maharage kibandani, akasikia upande wa kulia kitu kinacheza. Akapeleka ulimi, ulimi ukakuta shimo ndani ya jino, na ndani ya shimo kitu laini. Gego lake la jana lilikuwa zima. Hili lilikuwa jeusi hadi kwenye shina, limeoza kwa ndani, na kila alipomeza mate alimeza maji yaliyotoka humo, na maji hayo yalikuwa na ladha ya ile harufu, naye hakuwa na pa kuikimbilia kwa sababu sasa haikuwa kwenye kompyuta, ilikuwa ndani ya kichwa chake, ilipanda puani alipofumba mdomo na kumtangulia alipoufumbua, mpaka wateja wakaanza kuzungumza naye wakiwa wamegeukia barabarani. Jioni alipoinama kumbusu Dina, mtoto alimsukuma uso kwa mikono miwili akalia mpaka akatapika.

Erica hakuuliza tena. Ijumaa alfajiri alikwenda sokoni kwa Miriamu, mama mfugaji kutoka bondeni Momba, aliyeuza mtindi na kufahamika kwa kuwaondoa wageni wa aina hii. Miriamu alikuja na ndoo yake ya mtindi kichwani, hakuitua nje. Akaingia, akatazama kasha, akamwambia Clever afumbue mdomo, akatazama na humo. Kisha akauliza habari yote, na Clever akaisema nusu, na Miriamu akamngoja mpaka akaisema nzima.

"Basi mmekutana mafundi," Miriamu akasema kwa sauti ya chini. "Kizima jini hili linachukua, kibovu linakuwekea, nawe unaamka unaenda kazini. Kidogo kidogo humo kwenye boksi patakuwa na Clever mzima, na hapa kwenye kiti atakaa Enoka na wadudu wake. Likishamaliza kwako, humu ndani kuna mtoto."

"Nifanye nini, mama?" Clever akauliza akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Kesho kabla mkeka wa tanga haujakunjwa, kirudishe kwa mkono wako. Mwambie mwenyewe mbele za watu kwamba ulikiiba. Ukucha na jino vitarudi vyenyewe. Mkeka ukikunjwa kabla, umekwisha."

Akawasha majani kwenye kigae, akafukiza kasha, akafukiza mdomo wa Clever, akaondoka kuuza mtindi wake. Na kweli, harufu ikapungua. Feni zikazunguka kama feni. Usiku ule Clever alilala.

Sasa hapa ndipo mtu anapokuchosha. Jumamosi asubuhi akafungua kasha, akashika kile kipande akichomoe. Kilikuwa kikavu. Kilikuwa cha baridi. Akawaza, moshi umeshafanya kazi. Akawaza, atakitumia nani pale, mjane anayechapa barua? Kwenye droo alikuwa na kingine, rangi ile ile, umbo lile lile, cha uwezo mdogo, alichomwibia padre mmoja. Mkono wake ulishazoea, haukuwa hata na haja ya kushauriana na kichwa. Ukaenda kwenye droo.

Kwa Marita watu walikuwa wamejaa. Akina mama walikaa chini na vitambaa vichwani, wazee upande wa pili, mkeka katikati. Miriamu alikuwa pembeni na ndoo yake. Clever akapita katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya mjane, akasema maneno yote kama alivyofundishwa: kwamba alikabidhiwa kompyuta, kwamba aliiba, kwamba amerudisha. Minong'ono ikapita. Akaweka kipande kwenye kiganja cha Marita.

Marita akakitazama.

"Ndicho chenyewe?"

"Ndicho, mama."

Neno la kwanza lilitoka na sauti yake. La pili lilitoka na sauti ya Enoka.

Clever alisikia kitu kikijaa mdomoni, baridi, kizito, kama mtu aliyeuma ini bichi la ng'ombe, na alipotaka kukitema akakuta kimeshikamana na koo lake, ni kinene kuliko nafasi, kinasukuma meno, kina utando juu na nyufa katikati, na kinaonja. Kinaonja udongo, kinaonja pamba zile anazowekwa maiti puani na mdomoni, kinaonja siku zote tangu mazishi, naye anaonja pamoja nacho. Mate yakamchuruzika hadi kifuani. Wanawake wakaburuta makalio nyuma, wamejiziba pua kwa vitambaa. Marita peke yake hakusogea. Alikuwa ameishi na sauti ile miaka kumi na sita.

"Umeniletea kingine," akasema.

Miriamu wala hakuinuka. "Kimbia," akamwambia Clever. "Wazee watakungoja, si sana. Macho bado ni yako."

Alikimbia Sogea yote mate yakimtoka, watu wakimpisha kama anayepita na taka. Nyumbani akavuta kioo cha kasha. Ulimi wake ulikuwa ndani. Umelazwa juu ya memori, umekazwa skrubu mbili, moja kwenye ncha na moja kwenye shina, mwekundu, mbichi, na taa zile za rangi zikiupitia kijani, buluu, zambarau. Ulikuwa unacheza. Ulijikunja na kujinyoosha dhidi ya skrubu, bila sauti, ukirudia umbo lile lile, na Clever akalitambua kwa sababu ndilo neno alilotoka kulisema: ndicho, ndicho, ndicho. Ilibidi aingize vidole chini yake, kwenye ule utelezi, ili kukifikia kipande cha Enoka. Ulimlamba mkono mpaka kwenye kifundo.

Alikifikisha. Alikuta wazee wameshika pembe za mkeka. Marita akakipokea kwa khanga, kikiwa cha moto na kinavuja, mkeka ukakunjwa, yule mgeni akaambiwa njia yake. Harufu ikapita katikati ya watu kuelekea nje, kila mmoja kwa zamu yake akigeuza uso, na mbwa wa mtaa wakaisindikiza mpaka barabara ya malori. Haijarudi.

Ukucha ulirudi, na jino likarudi, kama Miriamu alivyosema. Ulimi haukurudi. Erica alipofungua kasha aliukuta umekauka kama kipande cha nyama ya moshi, sisimizi wameshaukata nusu. Akauzika migombani. Paka akaufukua.

Miriamu alipoulizwa alisema vile viwili viliibwa na jini, lakini ulimi Clever aliutoa mwenyewe kwa uongo wake mbele ya mashahidi. Kwa hiyo huo ndio alioulipa. Kompyuta yake Clever aliibomoa, vipande vya watu akavirudisha nyumba kwa nyumba, na kila mlangoni ilibidi aombe radhi kwa sauti ya Enoka. Mkewe na mtoto wanalala chumba cha pili na mlango wameufunga. Mdomoni mwake mna ulimi wa mtu aliyezikwa, nao unaendelea kuoza taratibu bila kwisha, na kila siku, asubuhi na jioni, anaupiga mswaki.